Mluzi Uliofungua Geti

Mama,

Gari lako linatembea. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujauliza kama nimekula, kabla hujauliza habari za Baba. Lina breki, halivuji hata tone, na jana nililiendesha mwenyewe kutoka kwangu Kitale mpaka nyumbani Chwele. Na tangu jana sina raha. Nimeshinda mabishano ambayo heri ningeshindwa.

Siku ya kukuzika mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari la maiti liliacha lami, likaingia barabara yetu, likafika kwenye kona ya kisima na kuzama. Matairi yalizunguka yakirusha matope mpaka kwenye suti za wageni wa heshima. Wewe uliyevuta magari ya watu kutoka shimo lile lile, ukawatoa wauza vitunguu wa Ndalu, wanafunzi wa Kibabii, hata lori la padri, ulimalizia safari yako kwenye mabega ya vijana wanaoteleza. Na landrova yako ilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya mawe, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Halafu mheshimiwa mmoja akashika kipaza sauti karibu na jeneza akatuahidi lami. Nilisimama. Unanijua. Nilimwambia mbele ya watu kwamba lami hiyo huahidiwa kwenye kila kaburi, na kama ahadi zingekuwa kokoto tungekuwa tumefika Bungoma mjini. Senge Rosa, dada yake Baba, alinivuta sketi mpaka nikakaa.

"Hata kwa kaburi ya mama yako, Nafula? Hata hapa?"

Ndiyo, hata hapo. Hasa hapo.

Ni hasira hiyo iliyonifanya nilipakie gari lako kwenye lori na kulileta Kitale. Wekesa, kitinda mimba wako, alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hiyo ni chuma tu. Si uuzie watu wa skrepa, bana?" Walimu wenzangu nao wakapata la kusema: Nafula ameacha kupigana na serikali, sasa anapigana na kutu. Niliwaacha waseme. Kutu angalau haiombi kura.

Fundi Swaleh, anayekaa karibu na msikiti, alikuja nyumbani kila alipopata nafasi, maana sikutaka ulale gereji. Nasema "ulale" kana kwamba gari ni wewe. Ndivyo nilivyokuwa nikiongea wakati ule, na Swaleh alinizoea. Chasisi ilikuwa imeliwa upande wa nyuma. Ukiigonga kwa nyundo inapukutika kama mkate uliokauka. Tuliikata, tukachomelea chuma kipya. Boliti zilizogoma tuliziloweka kwa dizeli, tukazirudia, tukazitukana. Niliosha kabureta kwa petroli mpaka vidole vikapauka. Tuliliinua gari kidogo, tukalivika matairi yenye meno makubwa, na mbele tukafunga winchi, ili likizama lijivute lenyewe kwa waya bila kumwomba mtu. Nyuma ya dashibodi nilikuta kipande cha leso yako, ulichokichomeka ili vyuma visigongane. Nilikinusa. Kilinuka petroli tu. Nililia hata hivyo.

Unakumbuka uliponifunza kuendesha? Nilikuwa msichana wa chuo, nimesoma kila kitabu cha mapinduzi nilichoweza kuazima, na nilizama kwenye kona ile ile. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu zangu zote. Gari likazidi kuzama. Ukacheka, mkono wako juu ya wangu kwenye gia. "Nafula, wewe unabishana mpaka na matope. Toa mguu. Weka gia ya chini, mwache ajitoe mwenyewe."

Siku injini ilipowaka, ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, kisha ikashika. Na mluzi wako ukatoka. Ule mluzi, Mama! Ufa kwenye bomba la moshi, mwembamba kama uzi, nao ulikuwa ukiimba nyuma yako miaka yote. Swaleh alikimbilia mashine ya kuchomelea nikamzuia, kama ulivyowazuia mafundi wote waliotaka kuuziba. "Hiyo ni kengele ya mzee," ulikuwa ukiwaambia. Na kweli Baba aliisikia ukiwa bado kule kona, na ulipofika geti lilikuwa wazi, naye amesimama kando akilishika kama askari wa gwaride. Wanaume walimcheka kwamba anaendeshwa na bibi. Jibu lake bado linasemwa sokoni: "Mimi angalau naendeshwa kwa gari. Nyinyi mnaendeshwa kwa miguu."

Sasa habari zake. Baba anasahau. Mazishini alikuwepo, alitupa udongo kwa mkono wake, na haukupita muda akaanza kuuliza kwa nini umechelewa sokoni. Tulimwambia. Alilia kama aliyesikia mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kesho yake akauliza tena, tukamwambia tena, akalia tena. Siku hizi mchana ukianza kupoa anatoa kiti chake, anakaa getini, na hataki kula chochote mpaka ufike.

Senge Rosa aliposikia kwamba gari limewaka alinipigia. Alikuwa na mpango. "Leta hiyo gari. Ipige firimbi yake tu hapo kwa kona, ndugu yangu afungue geti, akule, alale. Basi." Nikamuuliza, na akishafungua asikuone? "Atasahau. Si anasahau kila kitu?" Wekesa na wengine waliunga mkono kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp. Nami nikaandika jibu refu, Mama, refu kama yale ninayoyapeleka magazetini. Nikasema nusu ya maisha yangu nimepigana na watu wanaowapa wazee sauti tamu mahali pa ukweli. Nikasema mtu akipoteza kumbukumbu hajapoteza heshima. Nikamaliza kwamba sitamdanganya baba yangu kwa moshi. Wekesa akajibu neno moja: "Sawa, Mheshimiwa." Hakuna neno lililowahi kuniuma hivyo. Na bado naamini kila nilichoandika.

Lakini sikujiamini mimi. Nilijua siku moja ningechoka, ningepita kwenye kona ile na kuiacha injini ipige mluzi. Basi nikamwambia Swaleh aitoe injini. Alinitazama kama daktari aliyeambiwa azike mgonjwa aliyepona.

"Mwalimu, hii imepona juzi tu. Si uniache tu nizibe huo ufa?"

Nikamwambia hata kikohozi chake Baba anakijua. Tukatafuta injini ya dizeli ya Kijapani, iliyotolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Swaleh alikata, akachomelea vishikio vipya, akanung'unika kwa lugha ambazo sikujua anazijua. Injini yako, pamoja na bomba lake la moshi, tuliifunga kwa turubai na kuiweka barazani kwangu. Hii mpya ina nguvu, haili mafuta sana, inaunguruma kwa adabu. Haina la kusema.

Jana nikaondoka. Kiminini, Kamukuywa, Kimilili. Njiani nilikuwa nikifanya mazoezi ya maneno. Ningefika, ningekaa kando ya Baba, ningemshika mkono, ningemwambia taratibu, bila kumficha na bila kumkimbiza. Hata pa kunyamazia nilikuwa nimepapanga. Pale Chwele vijana wa bodaboda waliliona gari wakaanza kupiga kelele, "Mama Nafula! Mama Nafula!" Kisha wakaona ni mimi. Mmoja akavua kofia. Kwenye kona ya kisima matope yalikuwa yamejaa. Nikaweka gia ya chini, nikatoa mguu, likapita kama linapita kwenye saruji. Nilijisifu peke yangu kwa sauti.

Geti lilikuwa limefungwa. Baba alikuwa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti. Nikasimamisha gari mbele yake, nikapiga honi kidogo. Hakuinuka. Alilitazama gari kama unavyomtazama mtu sokoni anayefanana na mtu wako, ukajizuia kumwita.

"Hatufungulii wageni," alisema. "Mwenye boma hayuko."

Nikashuka nikafungua mwenyewe. Afadhali asingenijua, Mama. Alinijua. Aliniita jina, akauliza habari za shule, akauliza hii ni gari ya nani. Nikamwambia ni ya Mama. Akainamisha sikio kidogo, akaisikiliza injini, akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsamehe mtoto.

"Hapana. Ya mama yako naijua."

Halafu akaangalia barabara nyuma yangu. "Hamjapishana njiani?"

Maneno yangu yote yalikuwepo. Sikusahau hata moja. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema, "Tumepishana, Baba. Ako Kimilili, anateremsha mzigo."

Sijui mzigo ulitoka wapi. Hakuna aliyeniomba mzigo. Baba alitabasamu, akasema wewe na mizigo yako, na Senge alipoleta ugali akala wote pale pale, uso ukiwa barabarani. Senge alinisikia. Angenisimanga ningemjibu, nilikuwa na majibu. Yeye alininawisha tu mikono kama mgeni.

Nimekaa na jambo hili tangu jana na sioni njia safi. Nilikunyamazisha ili nisiseme uongo, nikausema kwa mdomo wangu, na geti bado limefungwa. Wala sijakubaliana na Senge. Anasema Baba atasahau. Ni kweli, atasahau. Lakini kuna ile dakika, amefungua geti na kiti chako hakina wewe, kabla ya kusahau kuja kumwokoa. Hiyo dakika katika mpango wa Senge haina mtu wa kuibeba. Na katika ukweli wangu vilevile haikuwa na mtu. Nilibishana juu ya tutakachomwambia Baba. Sikuwahi kuuliza nani atakuwa amesimama naye.

Leo asubuhi, nikiwa nimesharudi Kitale, nilimpigia Swaleh. Nikamwambia arudishe injini ya zamani. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia mwalimu, wewe ni mgonjwa, kisha akauliza vile vishikio vya zamani nimeviweka wapi. Viko kwenye ndoo, chini ya turubai. Atakuja wiki hii. Nimemwambia ufa asiuguse.

Basi lala, Mama. Kwa kona ya kisima usiwe na wasiwasi, matope yale nimeacha kubishana nayo. Siku nitakayokuja nitaiacha ipige mluzi tangu mbali, ili apate muda wa kuinuka na kulishika geti anavyopenda kulishika. Naye atafungua. Ninakuahidi kitu kimoja tu: kabla macho yake hayajafika kwenye kiti chako, nitakuwa nimeshashuka na mkono wake uko ndani ya wangu. Nitakachomwambia baada ya hapo sikijui bado.

Mimi binti yako,
Nafula