Picha ya Dada Wangari, Angali Hai

Jumatano. Nakuru imeamka na baridi, na upepo wa Menengai umejaza vumbi mezani pangu. Nimelifuta, nikalifuta tena, ndipo nikaketi kuandika, kwa sababu kamera iko wazi mbele yangu na vumbi ni adui wa lenzi.

Nina hasira, na sina wa kumkasirikia ila nafsi yangu.

Nieleze kwa utaratibu. Tulipomzika kaka yetu Njoroge, picha iliyotangulia jeneza ilikuwa imekuzwa kutoka kitambulisho chake. Ilikuzwa mno. Macho yalibaki madoa mawili, na waombolezaji waliosimama nyuma waliulizana yule ni nani. Picha zake nzuri zilikuwa katika simu yangu, na simu hiyo ilikuwa imetumbukia katika tangi la maji. Siku ile niliazimia kwamba dada yetu Wangari, aliyebaki peke yake kati ya ndugu walionitangulia kuzaliwa, atakuwa na picha ya kweli, ya filamu, yenye negativu ninayoweza kuifungia kabatini.

Ndiyo maana nilinunua kamera hii kuukuu kutoka kwa fundi wa redio karibu na soko. Ni ya chuma, nzito, wala haihitaji betri. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa na moja ya namna hii, nami niliamini kwamba mikono haisahau.

Dada alikataa kwa miezi. Kwetu, mtu mzima akiombwa ajipambe apigwe picha peke yake, anajua picha hiyo inakokwenda. Alinitazama kutoka kwenye kigoda chake cha kukamulia akauliza, "Mwalimu, umekuja kunipima jeneza?"

Huniita Mwalimu anapotaka kunikumbusha kwamba ni yeye aliyenifunga viatu siku yangu ya kwanza shuleni.

Nilimwambia kwamba picha itatundikwa sebuleni mwake, ili yeye awe wa kwanza kuiona, na aione kila siku. Akatafakari. Akasema atakubali mara moja tu, kwa kuwa hataki kuzoeana na mambo ya matanga. Kisha akaomba apigwe akiwa amevaa gambuti zake za mpira za zizini, amesimama kando ya Malkia, ng'ombe wake.

Nilikataa. Picha rasmi ni picha rasmi.

Basi Jumapili iliyopita, kule Kabazi, baada ya ibada, dada aliketi mbele ya nyumba yake akiwa na koti la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, mikono juu ya magoti, midomo imefumbwa. Nilipima mwanga kwa uangalifu. Nilimrekebisha kidevu. Nilimrekebisha mabega. Nilimaliza filamu nzima juu yake, naye akavumilia mpaka akaanza kusinzia. Aliponyanyuka alisema kwamba Malkia asingekubali kusumbuliwa namna ile. Angeipiga teke ndoo.

Leo nimekwenda kuichukua filamu kwa mama mwenye studio, mmoja wa wachache mjini ambao bado wanasafisha filamu. Ameinyoosha dirishani, nasi tumeitazama pamoja. Tumeona mtaa mzima kupitia kwayo: pikipiki, mwuza ndizi, paa la jirani. Dada hakuwamo.

"Pole, mzee," amesema. "Hii haijapigwa picha hata moja."

Nimenunua filamu nyingine papo hapo, nikarudi nyumbani, nikaiweka ndani ya kamera kama nilivyoiweka ile ya kwanza, lakini sikuufunga mgongo wa kamera. Nimevuta mkono wa kusogezea filamu. Ncha ya filamu imechomoka katika roda, kile kipande cha ndani kinachoivuta na kuikunja, niliyodhani imeishika, na kihesabio kimeendelea kuhesabu kana kwamba kazi inafanyika. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili. Kamera ilihesabu, filamu ikalala ndani ya mkebe wake.

Juu ya kamera, upande wa kushoto, pana kigurudumu kidogo cha kurudishia filamu. Filamu ikisonga, nacho huzunguka. Kikitulia, ujue unapiga picha za hewa. Sikukitazama hata mara moja.

Nilikuwa nikitazama kidevu cha dada.

Ninakiri kwamba nimewaza kumwambia kuwa studio imeiharibu filamu. Wazo hilo limepoa kabla ya chai yangu. Maisha yangu yote ya kazi niliwarudisha watoto nyuma ya darasa kwa uongo mdogo kuliko huo.

Nimempigia simu. Nimemweleza yote: ncha, roda, kigurudumu. Nimemwambia ninajua aliahidi mara moja tu, na kwamba ninamwomba mara ya pili.  Nikingoja jibu, nimeiona akilini picha ya Njoroge, yale madoa mawili.

Kisha nimesikia anacheka, kicheko kile kinachoishia kwenye kikohozi.

"Kumbe Mungu ameikataa ile picha ya maiti," amesema. "Njoo Jumamosi jioni, wakati wa kukamua. Lakini sasa nitavaa ninavyotaka, Mwalimu, na wewe utanyamaza."

Wakati wa kukamua jua huwa limeinama, zizi lina kivuli, na ng'ombe hatulii. Nimefungua kinywa kumwambia hayo. Nimekifunga. Nimemwambia nitakuja.

Sasa hivi nimeikata ncha ya filamu ikanyooka, nikaiingiza ndani ya roda mpaka meno yakaishika, nikafunga mgongo wa kamera. Nimevuta mkono huku nikitazama kigurudumu cha upande wa kushoto.

Kimezunguka.

Jumamosi nitakitazama kila nivutapo. Kisha nitamtazama dada yangu, na kidevu chake nitakiacha pale atakapokiweka mwenyewe.