Hija Yako na Meneja Asiyekosea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai magoti yamekuachia, walau uswali umesimama. Mimi mwili ni mzima. Nimeandika kwa mkono, na mke wangu Rehema akusomee taratibu, kwa sababu kwenye simu ningesikia sauti yako nikadanganya tena.

Kila Ijumaa unaniuliza fedha zako za Hija zimefika wapi, nami nakujibu zinakua. Mama, hazikui. Kilichobaki hakiwezi kukufikisha Maka.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa ukiuza asali ya Ulyankulu pale mlangoni kwetu Chemchem, na kila msimu tukinunua vipande katika ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Uliniuliza kama kuna riba. Nikakueleza kwamba fedha za watu wengi zinakusanywa, meneja anazinunulia hisa za kampuni, kisha wote mnashiriki faida na hasara. Meneja wetu alikuwa mzee mpole. Mwaka mmoja aliwaandikia wenye vipande: “Hapa nilikosea, na sababu ni hizi.” Mimi nilimdharau kwa maneno hayo.

Nilipofika huku Maskati, wenzangu wa kiwanda cha mikate wakawa wanamsifu meneja mwingine, ambaye mfuko wake ulikuwa umepanda kuliko yote kwa miaka miwili. Nikakupigia.

“Yule mzee amekukosea nini?” ukaniuliza.

“Hajanikosea, mama. Anakwenda polepole mno.”

“Na huyu mpya, umeshamwona siku ya shida?”

“Huyu hajapata shida.”

Ukasema, “Haya, wewe ndiye uliyesoma.” Rehema alipokuletea fomu niliyoituma ya kuhamishia fedha kwake, ukatia dole gumba.

Sikuuliza huyo bwana alikuwa amenunua nini. Kumbe karibu fedha zote alizilaza kwenye kampuni mbili. Zilipoyumba, vipande vyetu vikaporomoka. Alituita kwenye mkutano wa mtandaoni, akasema soko ndilo baya. Kosa lake hata moja hakulitaja. Nikaingiwa na hofu, mama, nikauza vyote asubuhi ileile, bei ikiwa chini kabisa. Mfuko wa yule mzee nao ulishuka siku zile, ila umeshainuka. Tungetulia kule kule, mwaka huu ungekwenda.

Nimekuficha mwaka mzima. Nikikanda unga nakukumbuka ukichuja asali kwa mikono iliyovimba, machozi yananitoka, nasingizia joto la tanuri. Nimejaribu kuanza upya. Lakini kwa mshahara huu, na kwa umri wako, sioni tutafika lini.

Tafadhali mwambie imamu aliondoe jina lako kwenye msafara, kabla majirani hawajaanza kuja kukuaga. Najua ninachokuomba. Ningeweza kwenda mimi kumwambia, ningekwenda kwa miguu.

Msalimie dada Mwanahawa anayekupikia, na mjomba Saidi aliyekuwa akituletea asali kwa baiskeli. Shangazi wa Puge, aliyeuza mbuzi wake akuchangie, usimwambie bado. Nitamwandikia mwenyewe.

Watu watakufariji kwamba ni kadari. Usiwakatalie. Ila mimi ninajua ni nani aliyemtuma Rehema akuletee ile fomu.

Sikuombi unisamehe leo.

Mwanao,
Athumani