Wale wa Alhamisi

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu Jumanne ile ulipojinyoosha kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, ukasema unapumzika kidogo, usiamke tena.

Mama ametutuma tuandike kwa niaba ya nyumba nzima. Amesema tusikupambe. "Mwandikeni alivyokuwa, na mimi mniandike nilivyokuwa. Yeye ananijua, sina cha kumficha." Basi tunaandika, naye amekaa pembeni anatukagua.

Uliendesha treni miaka thelathini na minne. Ulitoka na shati lililonyooka, chupa ya chai kwapani, ukarudi na harufu ya dizeli na maneno matatu: "Nimefika. Wazima? Haya." Mkono wako ulikuwa mwepesi kutoa, mzito kupiga. Kila Jumapili ulitung'arishia viatu vyote, ukavipanga mlangoni kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa.

Mama aliivumilia reli. Alisema mumewe ameazimwa tu, siku ya kustaafu atarudishwa. Siku ilipofika alinunua viti viwili vya kukaa nje. Mlikaa miezi mitatu. Kisha ukaona tangazo kwenye mlango wa maktaba: wastaafu wanaalikwa kila Alhamisi saa nne asubuhi, kila mmoja afundishe anachokijua na ajifunze asichokijua. Ukaenda "kuchungulia tu." Ukanogewa.

Huko mkunga mstaafu aliwafundisha mambo ya moyo na presha, karani wa mahakama akawafundisha kuandika wosia. Wewe uliwafundisha reli, kwa vibiriti na kamba ya kiatu. Wakakubatiza Babu Reli.

Mama hakulipenda jina hilo. Hakupenda ulivyochana nywele asubuhi ya Alhamisi. Na hasa hakumpenda Mkunga, aliyekuwa akikuwekea kiti.

"Mkunga anasema tupunguze chumvi," ulisema siku moja mezani.

Mama akakusogezea kopo zima la chumvi. "Basi Mkunga akupikie."

Alhamisi moja ya mvua ulisahau mwavuli. Mama akaubeba akakufuata, na asitudanganye mtu kwamba mwavuli ndio uliompeleka. Pale kwenye ngazi za maktaba akaisikia sauti yako dirishani, ndefu, ya kutua na kupanda, kama ya mtu mwingine. Ulikuwa unasimulia siku breki zilipokataa kwenye mteremko, mabehewa kumi na moja yamejaa watu nyuma yako, na ulivyokibembeleza kile kichwa cha treni kama mtoto mchanga hadi kikatulia hatua chache kabla ya daraja. Mama alisimama na mwavuli umefungwa, mvua ikamlowesha chapachapa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuisikia habari ile.

Uliporudi hakukuitikia salamu. Ulimuuliza mara tatu ana nini.

"Kumbe siku hiyo uliponea chupuchupu, na mimi nikakupakulia chakula kama kawaida."

"Ningekuambia, Mama Watoto, usingeniruhusu kurudi kazini."

"Nisingekuruhusu, kweli. Lakini wale umewaambia."

"Sasa watanizuia nini? Nimeshastaafu."

"Kwa hiyo mimi wa kufichwa, wao wa kusimuliwa. Ulinioa mimi au uliwaoa wao?"

Wiki mbili hukwenda maktaba. Ulikaa kwenye kiti chako nje ukitazama barabara, na Mama akagundua kwamba kukuzuia si kukupata. Wiki ya tatu alikupigia pasi shati mwenyewe, akaweka sharti: kila kisa akisikie yeye kwanza, Jumatano, ndipo ukipeleke kwa wengine.

Jumatano zile, Baba, tulizifaidi kutoka jikoni. Mama alikukatiza, alikusahihisha, alikubishia hata habari za treni ambazo hakuwahi kuzipanda. Mlicheka kama waliooana jana. Mliishi hivyo miaka miwili.

Kisha ukatutoka. Msibani, Karani alisimama kutoa rambirambi, akasimulia ulivyosimamisha treni dakika arobaini kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa relini. Abiria walikutukana kwa zamu, nawe ukashuka ukaenda kumvuta ndama. Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Mama hakucheka.

"Ng'ombe gani?" aliuliza.

Karani akarudi kuketi.

Miezi tisa hakutaka kumwona hata mmoja wa wale wa Alhamisi. Hata msiba wake, alisema, wamemgawia makombo. Mkunga alipokuja kuomba kundi litajwe kwenye kumbukumbu hii, Mama alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Hii ni ya familia."

"Ni kweli, dada yangu. Nimeomba tu."

"Yule ng'ombe mlimpata wapi?"

"Alitusimulia mwanzo kabisa, kabla ya sharti lako."

Mama akashtuka. "Sharti langu mnalijua?"

"Nani asiyelijua? Kila Alhamisi alisimama akasema, 'Tulieni. Hii imeshapitishwa nyumbani.' Asiposema hivyo, hatukumruhusu aanze."

Mama akasogea, akampisha mlangoni. "Pita. Nianzie tangu mwanzo huyo ng'ombe, na usiruke kitu."

Sasa Alhamisi Mama naye huenda. Anawasimulia ulivyokuwa nyumbani, yale wasiyoyajua, na hayamwagi yote kwa siku moja, anawapimia. Hatusemi wivu umekwisha. Juzi tu amegombana na Karani aliyedai kwamba ulipenda chai isiyo na sukari. "Labda ya kwenu," alimwambia. Lakini amerudi akiimba, na amekula vizuri.

Unakumbukwa na mkeo, aliyekupenda bila kutaka kukugawa, sisi wanao wanne, wakwe zako, wajukuu zako saba, ambao sasa wanang'arisha viatu vyao wenyewe, na dada yako mshonaji.

Pia na kundi la wastaafu wa Alhamisi. Mama amesema waandikwe mwisho kabisa. Ila waandikwe.

Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote za maisha yetu.