Chuma Kisichotumika

Jumatatu, 7 Julai
Kiwandani tena. Mara ya tatu mwezi huu, na mwezi ni mchanga. Kofia ya plastiki, miwani, viatu vya kuazima vinavyonipwaya. Leo wamezima tanuru la zamani, lile la makaa ya mawe, wakawasha la umeme. La zamani lilikula mawe ya madini na makaa. Jipya linakula umeme na vyuma chakavu. Moshi utapungua. Hilo ni kweli, na nimeliandika hivyo. Nimeishi Kamukuzi, mtaa wa jirani, miaka kumi na moja. Najua masizi kwenye shuka iliyoanikwa.

Kisha sherehe. Neno "safi" nilihesabu hadi ishirini, nikaacha. Mkurugenzi alitaja asilimia ya moshi uliopungua, na tanuru halijamaliza saa moja tangu liwashwe. Niliuliza nani kapima. Nikapewa chupa ya maji ya chuma, ubavuni imeandikwa Chuma Safi. Chini, kwa herufi ndogo, nchi ilikotengenezwa. Si hii.

Edgari, afisa uhusiano wao, alinipa tangazo la kusoma redioni, mwishoni mwa taarifa yangu ya Kiswahili. "Kiwanda kinanunua chuma chochote kisichotumika. Leta chako, usafishe hewa ya wanao." Nililisoma kama lilivyoletwa. Sikukata neno.

Jumatano, 9 Julai
Umeme ulikatika mji mzima. Tanuru safi likalala na chuma tumboni. Nimeandika. Mhariri amekata.

Jumamosi, 12 Julai
Nakivale. Nilikwenda Rubondo, upande mmoja wa makazi haya ya wakimbizi, kwa habari ya mahindi yaliyokauka, nikakuta mizani. Wanunuzi wa chuma wako kila njia panda. Sufuria zilizotoboka, majembe yaliyoisha, fremu za baiskeli. Kanisa moja limeuza rimu ya lori iliyokuwa kengele yake. Mchungaji sasa anapuliza filimbi, kama refa.

Pampu ya maji haipo. Limebaki zege na tundu, na mtu ameziba tundu kwa gunia watoto wasitupe mawe. Ilikuwa imeharibika siku nane, ikisubiri kipuri. Alhamisi watu waliamka ikawa haipo. Sasa wanachota kinamasini, maji ya rangi ya chai, au wanatembea saa nzima hadi pampu ya kijiji cha pili na kupanga foleni ya wageni, yaani nyuma ya kila mtu.

Nilikunywa kwenye ile chupa yangu mbele ya foleni. Ujinga. Mama mmoja Mkongo, wa Fizi, akawaambia wenzake, kwa sauti ya kunifikia: "Mama wa redio iko na maji yake. Siye tutakunywa maneno yake."

Wakacheka. Nami ningecheka.

Lawama iko kwa Konsolata, Mrundi, mjane, mtunza pampu. Hapa mtunza hufungua kufuli la mpini wa pampu kila jioni, akauvua, akalala nao nyumbani, asubuhi akaurudisha, ili mtu asichote bila zamu. Miaka minne Konsolata amelala na mpini ule. Sasa wanamwuliza uko wapi. Anasema pampu ilipokufa alimpa fundi, aunganishe vizuri. Fundi anasema hakupewa. Shahidi hakuna.

Kikao ni Jumamosi ijayo. Asipoleta mpini, atapelekwa polisi, na shamba lake litaombewa mtu mwingine. Wengi waliolitamka hilo ni Wakongo. Watu wangu.

Jumapili, 13 Julai
Nililala kwa rafiki, huko Kabazana, karibu na kituo cha kupokelea wageni, nilikolala majuma sita nilipoingia nchi hii. Asubuhi nilirudi kutazama zege.

Nilichokiona: bolti nne zimefunguliwa, hazikukatwa. Hakuna alama ya nyundo. Mabomba ya ndani yote yametolewa. Mabomba hayo huvutwa kwa koleo maalumu na watu watatu wenye nguvu, moja baada ya jingine. Konsolata ana kufuli, ufunguo na mgongo mbovu. Rubondo nzima koleo hilo analo mtu mmoja, fundi Faustini.

Nilikwenda kwa Konsolata. Bati lake lina mabonde matatu mapya. Mawe. Hakulalamika. Alisema: "Mama, mimi nilipewa ufunguo tu. Spana sijawahi kushika." Kisha akaniomba radhi kwamba hana maji ya kunipa.

Jumanne, 15 Julai
Uwanja wa vyuma wa kiwanda. Nilimwambia Edgari nataka kuona chakula cha tanuru. Alifurahi, akanipa kofia.

Mlima wa kutu. Winchi yenye sumaku inanyanyua na kumwaga, kelele ya kung'oa meno. Nilizunguka saa mbili na nusu. Mpini ulikuwa upande wa magharibi, chini ya mlango wa gari. Haufanani na mwingine: ulivunjika zamani, ukaungwa kwa kipande cha nondo, na pale pa kushika umeviringwa mpira wa baiskeli. Konsolata aliniambia mpira ni mwekundu. Ni mwekundu.

Mpakiaji alikumbuka mzigo wenyewe. Mabomba yaliingia tanuruni jana. Mpini ulibaki kwa sababu ya mpira. Mpira unatoa moshi, na moshi sasa ni mwiko. Aliyeleta alikuwa mwanamume Mkongo, na kwenye boksi lake la spana palikuwa na koleo kubwa.

Nilimwonyesha Edgari. Alitazama mpini kama mtu aliyeonyeshwa panya.

"Nyabo, mama yangu, hiyo ni mambo kidogo. Wewe andika ile ya moshi."

"Wanakunywa kinamasi."

"Sisi tunanunua kwa mwenye kuleta. Hatuulizi mtu chuma yake imetoka wapi."

Alisema hivyo bila aibu, kwa fahari ya mtu asiye mbaguzi. Nimewasikia wanunuzi wa dhahabu kwetu Kongo wakisema maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo. Niliomba mpini. Aliniachia, kwa sharti nisitaje kiwanda. Nilichukua mpini. Sharti sikulijibu.

Alhamisi, 17 Julai
Mhariri amekataa habari. Kiwanda ndicho kinachodhamini taarifa ya jioni. Alinieleza polepole, kama kwa mwanafunzi. Usiku wa jana, kasema, tangazo lilisomwa tena. Nani kasoma? Mimi. Nililisoma wakati mpini uko nyuma ya mlango wangu. Nilisoma vizuri, kwa vituo.



Jumamosi, 19 Julai
Kikao kilianza saa nne, uwanja wa shule ya msingi. Watu wengi kuliko ibada. Konsolata alikaa mbele peke yake, mikono mapajani, rozari kiganjani.

Niliweka mpini mezani kwa mwenyekiti. Nikasema nilipouona, siku gani, chini ya nini. Nikataja kiwanda. Nikaeleza bolti na koleo. Nikaketi.

Faustini alisimama bila kuitwa. Sikutegemea. Mtu mnene, mpole, mzee wa kanisa. Hakukana.

"Ni yeye alisema," akaninyooshea kidole. "Mu redio. Chuma yenye haitumike, mulete. Ile pompi ilikuwa inatumika? Siku munane imekufa. Kipuri haikuye. Sasa mimi nilikosa wapi?"

"Na ule Murundi, uliacha batu bamutupie mawe?" yule mama wa Fizi akauliza.

"Mimi sikutupa jiwe."

Watu walicheka. Kicheko kile nimekisikia mahakamani na makaburini.

Mwenyekiti aliniuliza kama nilisema. Nilijibu nilisema. Niliongeza kwamba sikuliandika tangazo, ila nimesoma maneno kwa watu kwa miaka ishirini na sita, na lile nililisoma bila kufikiri chuma gani hapa kingeitwa kisichotumika. Hawakutaka maelezo marefu. Sawa.

Konsolata yuko huru. Hakuna aliyemwomba msamaha. Faustini hakupelekwa polisi. Ndiye fundi wa pekee, nani atafunga pampu nyingine? Walimpa onyo na viazi vya kikao. Konsolata aliuchukua mpini mezani, akaufuta kwa kanga, akaenda zake. Ufunguo aliuacha.

Jumapili, 20 Julai
Nimeandika barua ya kuacha kazi. Sijaipeleka.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeipeleka.

Jumatano, 27 Agosti
Nilikwenda Rubondo bila daftari. Kiwanda kimeleta pampu mpya, ya buluu, Chuma Safi ubavuni. Hema, viti, soda. Faustini ndiye aliyeifunga, na amefanya kazi nzuri. Mpini wa pampu hii hauvuliki. Hakuna atakayelala nao.

Edgari alitaka Konsolata achote maji ya kwanza, wampige picha. Alikuja. Alijaza jerikeni yake, akajitwika, akaondoka wakati mpiga picha bado anamwomba asogee kidogo. Nilimfuata.

Nilipobisha, mlango wake haukufunguka upesi. Nilisikia chuma kikiondolewa. Alikuwa amekomea kwa ule mpini, umepita kwenye pete mbili za waya, mpira mwekundu juu. Akauegemeza ukutani, akanipa maji kikombeni. Baridi, yana ladha kidogo ya rangi mpya. Nilimaliza.

Hatukuongea mengi. Maharage yake yameota. Mwanawe amepata nafasi shuleni.

Nilipotoka nilimsikia akirudisha mpini mlangoni. Ilikuwa saa nane mchana.