Koplo na Mama Mkwe

Jumanne, 17 Februari 1953

Tumerudi salama. Chinongwe mpaka Nachingwea na kurudi, maili sabini. Petroli galoni sita. Sita! Kwa gari dogo la jeshi, si lori. Nimechovya kijiti kwenye tangi mara tatu nikidhani nimesoma vibaya. Sikusoma vibaya.

Mama mkwe kapata sindano ya pili. Dakta kasema yale yale: sindano sita, kila Jumanne moja, kabla ya saa sita mchana, asikose hata moja. Ni buba la siku nyingi, limeshaula mguu wa kushoto karibu na mfupa. Akikosa sindano tunaanza upya, na mguu huo hauna muda wa kuanza upya. Utakatwa. Kulazwa hataki kusikia. Mumewe alilazwa, akarudi maiti kwenye machela. Basi ni mimi na Koplo.

Koplo ndiye hili gari. Nililichukua mnadani kule Nachingwea mashamba ya karanga ya Wazungu yalipokufa, na hakuna kitu cha chuma nilichokipenda hivi tangu bunduki yangu ya vitani Bama.

Sasa balaa. Mvua imekata reli. Duka la Ruangwa linatoa debe moja kwa gari kwa wiki, na debe ni galoni nne. Akiba yangu ni galoni moja. Bado sindano nne!

Mke wangu Sabaha kanikuta nimelala chini ya gari. Kauliza, huyo mke mwenzangu kanywa tena? Nimemwambia aniache, si wakati wa utani. Kaweka bakuli la uji karibu na kichwa changu, akaenda zake anacheka. Nimeoa vizuri mimi.

Jumatano, 18 Februari

Nimefungua kabureta. Uchafu wa mwaka! Plagi nimezisugua kwa msasa. Chujio la hewa nimelikung'uta, likatoka vumbi la Ruponda, la Ruangwa na la Nachingwea, yote ya kiangazi kilichopita. Breki ya nyuma kulia ilikuwa inashika hata ukiiachia. Nimeilegeza. Sasa gurudumu unalisukuma kwa kidole linazunguka lenyewe. Nimeimba nyimbo za jeshi letu la Keya mpaka binti yangu Moza akaziba masikio.

Kijumba sikukigusa. Kijumba hakina kosa.

Nilikijenga mwenyewe mwaka jana, mgongoni mwa Koplo: mbao za mninga, paa la bati, kidirisha chenye pazia, ndani godoro. Ukuta mzima kati ya mama mkwe na mimi. Huku kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani. Nilipohamia hapa kuoa nikaikuta hivyo, nikaishika. Mwaka wa saba sasa. Akija huku, mimi napita kule. Akiwa na neno anamwambia Sabaha, Sabaha ananiambia mimi, hata kama nimesimama nyuma ya ukuta na nimeshasikia lote. Jina lake silitaji hata humu daftarini.

Kijumba kilipokwisha watu walikuja kukitazama. Walisema, huyo ndiye mkwe. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Ijumaa, 20 Februari

Ruangwa, kuchukua debe. Nimemkuta Saturnini, tuliyekuwa naye gereji enzi za karanga. Siku hizi anatengeneza malori ya ufuta. Nikamweleza shida ya Koplo. Hakufungua hata boneti! Kazunguka mara moja, kagonga kijumba kwa kifundo cha kidole. Mbao gani hii? Mninga. Kasema: Shaibu, umebeba nyumba, halafu unauliza kwa nini gari linakunywa.

Nilikasirika. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi! Mama mkwe wake yeye yuko ng'ambo ya Ruvuma, hajamwona tangu vita. Ataelewa nini?

Akaendelea tu, wala hakujali uso wangu. Toa matairi ya lori, rudisha yake. Toa hilo bampa la chuma cha reli, unamgonga nani? Pipa la maji la nini na mvua hii yote? Na magurudumu ya mbele usiyatie gia ya kuvuta ila kwenye tope.

Nimeondoka bila kuaga vizuri. Matairi nimebadilisha. Bampa nimetoa, roho inaniuma. Pipa nimempa Sabaha.

Jumanne, 24 Februari

Aibu. Aibu tupu!

Sindano ya tatu kapata, hilo nashukuru. Lakini tulipokuwa tunarudi, maili nne kabla ya nyumbani, Koplo kakohoa, katulia. Debe na akiba, vyote vimekwisha. Tumekaa kando ya njia saa mbili nzima. Mimi nimeketi kwenye jiwe, mgongo kwa gari, maana pazia lilikuwa limefunguliwa kwa joto. Mara Sabaha kaja na muhogo wa kuchemsha kwenye jani. Mama anasema hujala tangu asubuhi. Ule ulikuwa muhogo wake, wa safari. Nimeula wote. Machozi yalinilengalenga, nikasema ni chumvi.

Lori la ufuta likatuvuta kwa kamba mpaka katikati ya kijiji, saa kumi na moja jioni, watu wote nje. Watoto wakakimbia nyuma wanashangilia. Kijumba cha mninga kinavutwa kama jeneza!

Alhamisi, 26 Februari

Akiba sifuri. Lazima maili sabini kwa galoni nne. Nimelala chali nikilitazama gari zima kutafuta kosa lingine. Hakuna. Saturnini ana haki, mshenzi yule. Lakini nitaanzaje mimi kukivunja? Nitasema nini? Kwamba heshima yake ni nzito?

Kabla sijajua la kusema, Sabaha kaja na ujumbe. Mama anasema mbao za mninga ni nzuri, atazitaka kwa mlango wa jikoni. Nikauliza, ana maana gani? Sabaha kacheka: Baba Moza, kila Jumanne unalalamika njia nzima, unadhani mbao hazina masikio?

Mjomba wao Adinani ndiye mkubwa wa nyumba hii. Kaja juu. Kasema mwanamke na mkwewe juu ya gari moja bila ukuta, haijapata kuonekana. Kamalizia kwa mkwara: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kutoka chumbani mama mkwe kajibu kwa Kimwera, wote tukasikia: guu lenyewe ndilo hili, limeshaoza, nimwogope nani tena?

Tumepatana hivi: kijumba kitoke, pazia la nguo lisimame mahali pake.

Jumanne, 3 Machi

Sindano ya nne. Alhamdulillahi!

Pazia lilikuwa kanga nne zilizoshonwa pamoja na kufungwa kwenye fito mbili. Kijijini lilipendeza. Barabarani likajaa upepo, likavimba, Koplo anakwenda mbele na kanga zinamvuta nyuma. Nikabadili gia kama mwehu. Karibu na Ruponda kamba zikakatika, kanga zote nne zikanifunika kichwa. Gizaaa! Tukaingia shamba la mtu. Nilipojifunua, mwenye shamba kashika kiuno anacheka, Sabaha anacheka, na huko nyuma kuna mtu wa tatu anacheka chini ya mwavuli. Sikugeuka. Lakini kile kicheko nilikisikia vizuri, na sikujua kwamba yeye hucheka.

Kurudi hatukufunga tena. Mama mkwe kakaa nyuma akitazama tulikotoka, mimi nikitazama tuendako. Mteremkoni nikazima injini. Tumefika mlangoni kwa matone ya mwisho. Galoni nne, maili sabini!

Nilitaka kucheza ngoma. Sabaha kanivuta kando: huko nyuma springi zimempiga, donda limetoa damu. Dakta alishasema mguu unyooshwe, usigongwe. Pa kunyooshea mguu ni kiti cha mbele. Kiti cha mbele kiko ubavuni mwangu.

Jumapili, 8 Machi

Duka limetoa nusu debe. Nusu! Galoni mbili. Mwenye duka kanionyesha mapipa matupu kwa mkono wake mwenyewe. Reli bado.

Galoni mbili zinafika Nachingwea kama Mungu akipenda. Za kurudi sijui. Nimewaambia wote bila kuficha. Mjomba Adinani safari hii hakukataza. Sabaha kasema yeye mnene, hatakwenda, kila ratili ni petroli. Nikamwuliza, na maneno atayabeba nani?

Jioni ujumbe: Mama anasema keshokutwa ataketi mbele.

Sikula. Vitani sikuogopa hivi.

Jumanne, 10 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimetoa kila kitu. Kiti cha nyuma, gurudumu la akiba, jeki, hata kioo cha mbele. Viatu nimeviacha nyumbani, Sabaha kanicheka. Mama mkwe katoka kajifunika kanga mpaka machoni, mwavuli mkononi. Mimi naangalia boneti. Kapanda. Twende.

Saa tano na robo. Mwinuko wa mwisho kabla ya Nachingwea.

Koplo amezima. Tangi kavu. Lakini maili thelathini na nne kwa galoni mbili! Kumi na saba kwa galoni! Nimeruka juu kwa furaha, halafu nikakumbuka kwamba hatujafika.

Njia nzima mwavuli ulikaa kati yetu, umenichoma sikio mara mbili kwenye makorongo. Gari lilipokufa nikashuka, nikasimama nyuma. Barabarani hakuna mtu. Nifanye nini? Nikaliinamia gurudumu nikasema: ewe gurudumu, mwambie mama petroli imekwisha.

Mara sauti kutoka kiti cha mbele: "Baba Moza. Acha kusema na gurudumu. Sukuma."

Miaka saba! Nimesimama pale kama nimepigwa. Ni sauti ya Sabaha kabisa, imezeeka tu. Nimesema, "Ndiyo, mama."

Lakini gari bila mtu kwenye usukani litaingia mtaroni. Nikamwambia. Kasogea mwenyewe, mguu mbovu kaunyoosha kando, kashika usukani kwa mikono miwili. Nasukuma hatua tatu, natia jiwe. Hatua tatu, jiwe. "Kushoto, mama! Kushoto!" "Nimeona!" Nimempigia kelele mama mkwe wangu barabarani, na yeye kanipigia mimi. Adinani asijue.

Tumefika juu. Nimeomba kupumua kidogo, ndiyo naandika, daftari juu ya boneti. Kutoka hapa ni mteremko mpaka mjini, mabati ya hospitali nayaona. Saa tano u nusu. Nimeliweka jiwe mbele ya gurudumu, nikamwomba asogee nishike usukani.

Hasogei. Anasema mikono imeshazoea.

Nimemweleza breki, ile ya katikati, ya mguu wa kulia. Kasema mguu wa kulia ndio mzima. Nimemwambia mteremko una kona mbili. Kasema amezaa watoto tisa. Mwavuli kautupa nyuma, kanga imeshuka mabegani, ananitazama usoni, na mimi namtazama. Ana kidoti kwenye shavu kama cha Moza. Sikuwahi kujua kimetoka wapi.

Anasema niondoe jiwe, nipande upande wa pili, tunachelewa. Jiwe bado lipo. Anapiga honi.