Bangili ya Bibi na Waya Mwekundu

Chumba cha juu ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, bado linakutabiria mvua? Na wale pacha, meno ya mbele yameota? Sisi huku hatujambo. Baba kapona kikohozi, mama anaimba jikoni, mimi nala vizuri ila usingizi ndio haunitaki. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara zote nimeinuka kwenda dirishani, na wala hakuna cha kuangalia.

Shangazi, bangili ya marehemu bibi haipo tena kama unavyoikumbuka.

Baba alitaka kukushtukiza. Alitaka aipake nikeli ing'ae, kisha akutumie kama bibi alivyousia. Karakana unaijua: beseni la maji ya kijani, bamba la nikeli upande huu, kitu kinachopakwa upande ule, na mashine ya umeme. Mle majini mna ioni, chembe zenye chaji zisizoonekana kwa macho. Zinahangaika tu huku na huku. Umeme ukipita, zile chanya zote hukimbilia upande hasi. Ndiyo maana kitu hufungwa upande hasi, nikeli ikifuate hukohuko. Ukigeuza, kitu chenyewe ndicho kinachoyeyuka.

Nami niligeuza.

Somo hili shuleni tunalisoma kwa lugha ya kigeni, na mtihani niliufaulu. Kitabuni waya mwekundu ni chanya. Sasa nikaona Mzee Chumvi, fundi wa baba, kaufunga mwekundu kwenye bangili. Nikajua kakosea. Kuuliza si ujinga, lakini unanijua: kumwambia mtu mzima umekosea, ulimi ungenikauka. Nikangoja aende kula, nikabadilisha nyaya, nikapanda juu najiona injinia.

Kumbe nyaya za mashine ile ziliwahi kuungua, na Mzee Chumvi akaweka alizokuwa nazo, rangi kinyume. Kila mtu wa karakana anajua kwamba kwetu nyekundu ni hasi. Kila mtu isipokuwa mimi, nisiyeuliza.

Baba na Mzee waliporudi, bangili imekuwa nyembamba kama uzi, imekatika mahali pawili, na bamba la nikeli limevaa wekundu wa shaba ya bangili.

"Miaka kumi na saba ya kazi!" baba akamgeukia Mzee. "Mimi hata nikiwa usingizini sifungi hivi!"

Mzee akazitazama nyaya. Akanitazama mimi, nimesimama ngazini.

"Labda macho yamezeeka, bosi."

"Basi nenda kayapumzishe!"

Akavua glavu, akazitundika kwenye msumari wake, akaondoka. Nami nikapanda ngazi, nikarudi juu.

Leo siku ya nne. Kila nikishuka nazikuta glavu zinaning'inia, narudi juu. Juu nako hakukaliki. Baba anafunga nyaya peke yake na hatanii tena na wateja.

Nimeanza kwako kwa sababu bangili ilikuwa yako. Nisamehe, Shangazi. Shaba ya bangili ya bibi, sehemu imebaki majini, sehemu iliganda kwenye bamba. Hiyo nimeikwangua, ni vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Nimevifunga kwenye karatasi humu ndani.

Nisalimie Baba Pacha na pacha wenyewe. Binamu mwambie kofia yake ninayo, asinune. Mungu akupe ngazi chache na siku nyingi.

Unajua barua ninazokuandikia baba ndiye huzipeleka posta, na haipeleki hata moja kabla hajaongeza mstari wake mwishoni. Kumwambia uso kwa uso nimeshindwa. Nitampa hii bila kuifunga. Nafasi nimemwachia hapo chini.

Wako akupendaye hata ukinikasirikia,
Kimya

Dada, ni mimi kaka yako. Nimesoma yote. Tunatoka sasa hivi kwenda kwa Mzee Chumvi, mimi na huyu. Glavu kazibeba yeye.