Mtambo Unaodhani Malaba Ni Uganda

Malaba

Dada Wakesho,

Kabla ya lolote, niambie Mama ameamkaje, na mgongo wako unaendeleaje kwa kumgeuza kitandani peke yako. Najua utajibu hamjambo, maana wewe hata homa ikikulaza huwa hujambo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Ningepiga simu, lakini wewe huweka sauti juu ili Mama naye asikie, na haya sitaki ayasikie kabla yako.

Unaijua kazi iliyonileta huku. Kampuni yetu ya Nairobi iliwauzia mawakala wa forodha zile kompyuta kubwa ziitwazo seva, kila wakala na yake ofisini, na mimi na Mzee Barasa ndio tuliozitunza. Tulizipuliza vumbi la malori, tukazibadilishia betri, tukazihamisha paa likivuja. Barasa ndiye aliyenifundisha kila kitu. Alikuwa akiinama anaisikiliza feni ya seva kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto, kisha anakwambia kinachouma.

Mwaka huu wakubwa wakasema seva zimepitwa na wakati. Kila kitu kihamie kwenye wingu, yaani kikae kwenye mitambo ya mbali ambayo hata wao wanaikodi kwa kampuni za ng'ambo. Pasipo seva hapana haja ya mpuliza vumbi. Barasa akaambiwa mwisho wa mwezi aende nyumbani kwao Nambale. Mimi nikaambiwa nikiwahamisha wateja wote bila matatizo, nitapewa mkataba Nairobi. Ndio ule niliokuahidi: nimchukue Mama akae nami karibu na hospitali, nawe uolewe na Mwadime, ambaye amekungoja mpaka kichwa kimeota mvi.

Wateja walihama mmoja mmoja, akabaki Mama Auma peke yake. Huyu ni mjane, ofisi yake iko kule chini karibu na mto, na hakutaka kabisa kuachana na seva yake. Alisema hii anaiona kwa macho, hilo wingu liko wapi? Barasa alikwenda kukaa naye akamhakikishia. Alijua kila mteja anayehama anamsogeza yeye mlangoni, lakini alitaka mimi nipate ule mkataba. Mama Auma akakubali. Seva tukaing'oa na kufuta yote yaliyomo, kama tulivyoamriwa.

Sasa Dada, kule karibu na mto laini za Uganda zina nguvu kuliko zetu. Unakaa Kenya, simu inakukaribisha Uganda. Kila mtu hapa anajua na tumezoea. Lakini ule mtambo wa Nairobi umepangwa kwamba anayeingia kutoka nje ya nchi ni mwizi, afungiwe. Niliwapigia mapema nikawaeleza. Wakasema ombi langu limepokelewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ikaja siku Mama Auma ana lori la vifaranga wa siku moja, wanakwenda Mbale. Karatasi zote ziko ndani ya wingu. Laini yake ya intaneti ikarukia Uganda, mtambo ukamfungia. Mwenye kumfungulia ni Nairobi peke yake, na Nairobi ni sauti ya kurekodiwa inayokuomba usubiri. Tulisubiri. Jua la mpakani unalisikia tu kwa jina, Dada, wewe wa baridi ya Wundanyi. Barasa alizunguka lile lori akimwagia maji turubai. Mwanzo vifaranga walipiga kelele hata hatusikilizani, halafu kelele ikapungua, na hapo ndipo nilipoogopa.

Walipomfungulia, waliobaki hai hawakuwa wa kupeleka popote. Mama Auma alikuja ofisini kwetu na boksi moja la vifaranga, akaliweka juu ya meza ya Barasa. Hakunitazama mimi.

"Barasa, mimi sikuaminingi hiyo wingu yenu," alisema. "Niliamini wewe."

Akatoka. Barasa alilifunika lile boksi kwa koti lake, akakaa.

Siku iliyofuata mkubwa wa Nairobi akapiga. Mwenye vifaranga analalamika, na yeye anataka jina la aliyekosea wakati wa kuhamisha. Nikamwomba dakika moja. Barasa alikuwa amesikia.

"Wekelea mimi, kijana," alisema. "Mimi naenda Nambale hata hivyo. Wewe uko na mama mgonjwa."

Dada, nilikufikiria wewe. Nilifikiria mgongo wako na Mwadime, na Mama akiwa karibu na daktari. Jina moja tu, na mwenyewe amelitoa kwa hiari. Lakini mafundi wa mji huu huishi kwa jina. Barasa anatarajia kutengenezea watu kompyuta huko Nambale, na hapa tayari Mama Auma hamsalimii. Nikamwambia mkubwa kwamba aliyekosea si Barasa wala mimi, ila mtambo wao unadhani Malaba ni Uganda, na niliwaambia mapema. Akasema sawa, kwa upole kabisa.

Asubuhi niliwasha kompyuta nikaandika neno langu la siri. Mtambo ukasema haunijui.

Basi mkataba haupo. Nimeinunua heshima ya Barasa kwa kitu ambacho kilikuwa chako, wala sikukuuliza. Nisamehe ukiweza. Barasa mwenyewe amenikasirikia, anasema nimefanya upumbavu, na kila akisema hivyo machozi yanamlengalenga.

Nisalimie mjomba katekista, na mama jirani anayekuletea kuni. Mwadime msalimie kwa heshima, kisha umwambie aje na wazee wake kabla ya mavuno. Nisafishie chumba cha nyuma. Naja kumgeuza Mama mimi. Wewe funga virago vyako, umeshangoja vya kutosha.

Ndugu yako,
Mwakio